Kuwapanga Watumishi kwa Haki: Kazi ya Fomula na Kazi ya Mtu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Kamati imetuagiza tuseme leo juu ya jambo ambalo limeingia katika ofisi zetu polepole, bila kupigiwa mbiu, nalo ni desturi ya kuwapanga watumishi kwa hesabu ya kompyuta: wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Mkuu wa sehemu hufungua jedwali lake, akaingiza alama za kila mtu, akaandika fomula, na mara moja huona mbele yake orodha iliyokamilika, kila jina na namba yake.

Tusidhani kwamba hili ni jambo la hesabu tupu. Katika orodha hizo ndimo itokamo nyongeza ya mshahara, ndimo litokamo jina la atakayepelekwa masomoni, na ndimo liangukamo jina la yule ambaye mkataba wake hautatiwa sahihi tena. Mtu aliyeandikwa wa 9 kati ya watu 10 haulizwi tena habari za kazi yake. Namba imekwisha kumsemea. Kwa hiyo watoto wake nyumbani, na karo zao, na paa la nyumba yake, vyote vimefungwa katika kisanduku kimoja kidogo cha jedwali.

Wanachama wetu wamegawanyika katika shauri hili. Wako wasemao kwamba Chama kikatae kabisa, kwa kuwa mtu si gunia la kupimwa juu ya mizani. Wako na wasemao kwamba afadhali kompyuta kuliko mkubwa mwenye kinyongo, maana kompyuta haina ndugu, wala kabila, wala hasira. Sisi twaona kila upande umeshika nusu ya kweli. Kompyuta haina ndugu. Lakini aliyeiandikia fomula anao. Na mtu si gunia. Lakini hata kabla ya kompyuta alikuwa akipimwa vile vile, ila kwa mizani iliyofichwa chini ya meza.

Neno letu la leo ni moja, nalo ni hili. Haki haimo ndani ya fomula. Imo katika maswali ambayo watu huyajibu kabla fomula haijaandikwa. Na faida kubwa ya fomula ni kwamba yaweza kufunguliwa na kusomwa na kila mtu. Fomula isiyofunguliwa haina tofauti na ile taarifa ya siri ya zamani.

Tuikumbuke kidogo hiyo taarifa ya siri. Wazee wetu walioanzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika kule Tanga mwaka wa 1922, akiwamo Martin Kayamba, walikuwa makarani kama sisi, waliojua kwamba mtumishi akiwa peke yake hana sauti. Katika Tanzania, kwa miaka mingi hata baada ya uhuru, mtumishi wa serikali aliandikiwa habari zake na mkubwa wake katika karatasi ambayo yeye mwenyewe hakuonyeshwa. Mwaka wa 2004 ndipo ulipoingia utaratibu wa wazi ulioitwa OPRAS, ambao ulimtaka mtumishi na mkubwa wake wakubaliane malengo mwanzoni mwa mwaka, watazame maendeleo katikati, na mwishoni watie sahihi wote wawili. Utaratibu huo nao umekwisha kuachwa, na mfumo wa kompyuta uitwao PEPMIS umeshika mahali pake. Lakini maneno yetu leo si juu ya mifumo hiyo mikubwa. Ni juu ya yale majedwali madogo ambayo wakuu wa sehemu hujitengenezea wenyewe, ambayo hayana waraka wala kanuni, na ambayo hata hivyo hupanga riziki za watu.

Jedwali la namna hii, ambalo walimu wa siku hizi huliita lahajedwali, si kitu cha ajabu kwa karani. Sura yake ni sura ya daftari la hesabu: mistari kwa ulalo, safu kwa wima, na visanduku mahali zinapokutana. Programu ya kwanza ya namna hii kuuzwa kwa kompyuta ndogo iliitwa VisiCalc, nayo ilitengenezwa Marekani na Dan Bricklin na Bob Frankston, ikaanza kuuzwa mwaka wa 1979. Excel ya kampuni ya Microsoft ilifuata mwaka wa 1985. Jambo jipya halikuwa daftari, bali ni hili, kwamba ukibadili namba moja, namba zote zinazoitegemea hubadilika zenyewe. Ndiyo maana jedwali lapendwa. Na ndiyo maana kosa moja ndani yake huenea mpaka mwisho wa ukurasa bila kupiga kelele. Wahenga walisema: Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Tuutazame basi huo unyemi, tukitazame na kidonda.

Swali la kwanza ni hili: twahesabu nini, na kwa kugawa na nini? Tuseme makarani wawili wa masjala, Alifu na Be. Katika mwezi mmoja Alifu alishughulikia barua 480, na Be akashughulikia barua 396. Jedwali likipanga kwa jumla, Alifu ndiye wa kwanza, na hakuna wa kubisha. Lakini Alifu alikuwapo kazini siku 24, na Be alikuwapo siku 18, kwa kuwa siku 6 alikuwa mgonjwa kwa cheti cha daktari. Gawa sasa: Alifu amefanya barua 20 kwa siku, na Be barua 22 kwa siku. Orodha imegeuka. Kompyuta haikukosea mara ya kwanza wala mara ya pili. Kila mara ilijibu swali iliyoulizwa. Aliyeuliza “nani ana jumla kubwa?” alipata jibu lake, na aliyeuliza “nani hufanya zaidi akiwapo?” naye alipata lake. Yatupasa tuchague swali kabla ya kuomba jibu.

Vile vile yatupasa tutazame ni nani analinganishwa na nani. Karani wa mapokezi, ambaye kila saa huja watu 10 kumsumbua, hawezi kushindanishwa barua kwa barua na karani aliyefungiwa chumba cha mafaili. Wala karani aliyepewa mafaili ya mashamba yenye kesi za urithi hawezi kupangwa pamoja na yule anayepokea maombi ya leseni, ambayo huisha kwa muhuri mmoja. Jedwali halioni uzito wa faili. Laona faili moja na faili moja. Kama kazi si moja, wapangwe mbali mbali, au waachwe bila kupangwa.

Swali la pili ni dogo kwa sura, lakini limedhulumu wengi: tupu si sifuri. Fomula iitwayo AVERAGE, ambayo hutoa wastani, haikihesabu kisanduku kilicho tupu. Lakini sifuri yaihesabu. Tuseme Bibi Te alipata alama 80 robo ya kwanza, 84 robo ya pili, 76 robo ya nne. Na robo ya tatu alikuwa katika likizo ya uzazi, ambayo ni haki yake kwa sheria. Kisanduku cha robo ya tatu kikiachwa tupu, wastani wake ni 80. Karani aliyejaza jedwali akiona nafasi wazi haipendezi macho, akaandika 0, wastani washuka hadi 60. Alama 20 zimepotea, na mwenye kuzipoteza hakuwa adui wa Bibi Te. Alitaka tu ukurasa uwe safi. Hivyo mama amezaa mtoto, na jedwali limemwandika mvivu.

Swali la tatu ni la uzito. Kazi ya mtumishi ina pande nyingi: usahihi, wingi, na kutimiza kwa wakati. Ili kuzikusanya katika namba moja, kila upande hupewa uzito, na fomula SUMPRODUCT huzidisha kila alama kwa uzito wake na kujumlisha. Tuseme usahihi umepewa sehemu 50 katika 100, wingi 30, na wakati 20. Alifu ana alama 80 za usahihi, 90 za wingi, na 70 za wakati. Atapata 40 na 27 na 14, jumla 81. Be ana 90, 70 na 80. Atapata 45 na 21 na 16, jumla 82. Be yuko mbele. Sasa badili uzito wa mambo mawili tu: wingi uwe 50 na usahihi uwe 30. Alifu apata 83, na Be apata 78. Alifu yuko mbele, tena kwa mbali. Hakuna hata mmoja wao aliyebadili kazi yake. Aliyebadilika ni yule aliyekaa mbele ya kompyuta.

Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Hatusemi kwamba kila mkubwa atavuta kwa hila. Lakini mwenye kuona majina kwanza, ndipo akachagua uzito, hata akiwa mtu mwema, mkono wake utavutwa. Dawa yake ni moja: uzito utangazwe kabla ya mwaka kuanza, wakati ambapo hakuna ajuaye utamfaa nani.

Kuna na uzito mwingine uliofichika, ambao haumo katika safu ya uzito. Tuseme unadhifu wa mafaili na wingi wa barua vimepewa nusu kwa nusu. Lakini alama za unadhifu zote ni kati ya 78 na 82, kwa kuwa mkaguzi ni mtu mpole, na alama za barua ni kati ya 30 na 95. Katika unadhifu, aliye bora kabisa humpita aliye dhaifu kabisa kwa alama 2 tu baada ya kugawanya kwa nusu. Katika barua humpita kwa alama 32 na nusu. Kwa maneno ni nusu kwa nusu. Kwa kweli barua peke yake ndiyo inayopanga orodha. Mwenye kutengeneza jedwali asiposhusha alama zote kwenye kipimo kimoja kwanza, uzito alioutangaza si uzito anaoutumia.

Swali la nne lahusu wakubwa wakali na wakubwa wapole. Sote twawajua. Yuko atoaye alama 60 na kuona amekuwa karimu, na yuko atoaye 90 kwa kila mtu asije akanuniwa. Orodha ya idara nzima ikitengenezwa kwa kuwachanganya watumishi wa wakubwa hawa wawili, watu wa mkubwa mkali watakuwa chini wote, hata aliye bora kati yao. Hapa hesabu yaweza kusaidia. Fomula AVERAGE hutoa wastani wa kila sehemu, na fomula STDEV huonyesha alama za sehemu hiyo zimetawanyika kiasi gani kutoka wastani huo. Mtu apimwe kwa umbali wake na wastani wa sehemu yake, kisha umbali huo ugawanywe kwa kutawanyika. Mtumishi mwenye alama 68 katika sehemu ambayo wastani ni 60 na kutawanyika ni 4, yuko juu kwa 2. Mtumishi mwenye alama 90 katika sehemu ambayo wastani ni 88 na kutawanyika ni 4, yuko juu kwa nusu tu. Kwa macho tu 90 ni zaidi ya 68. Kwa haki, mwenye 68 ndiye aliyewapita wenziwe sana.

Lakini tusiishike dawa hii bila kuangalia. Kwanza, katika sehemu yenye watu 3 au 4, wastani na kutawanyika havina nguvu; mtu mmoja akibadilika, vyote vyabadilika. Pili, yaweza kuwa sehemu moja kweli ina watumishi bora kuliko nyingine, na hesabu hii huwashusha wote wawe sawa. Fomula haiwezi kujua kama mkubwa ni mpole au watu wake ni hodari. Hilo litajulikana kwa kufungua mafaili yenyewe na kuyasoma.

Sasa tuje katika fomula yenyewe ya kupanga, iitwayo RANK. Tuna mambo matatu ya kusema, na twaomba makarani wayaandike katika daftari zao, maana hapa ndipo makosa mengi hulala.

Jambo la kwanza ni alama ya dola. Tuseme alama za watumishi 8 zimo katika safu ya B, tangu mstari wa 2 hata wa 9. Katika mstari wa kwanza karani aandika =RANK(B2,B2:B9), kisha aivuta fomula mpaka chini. Akiivuta, kompyuta husogeza na mipaka pia: wa pili hulinganishwa tangu B3 hata B10, wa tatu tangu B4 hata B11, na kuendelea. Kila mtu hulinganishwa na walio chini yake tu. Mtumishi wa mwisho katika orodha hujikuta amelinganishwa na nafsi yake peke yake, naye huwa wa 1, hata kama alama zake ni ndogo kuliko za wote. Fomula iliyo sawa ni =RANK(B2,$B$2:$B$9); alama za dola huifunga mipaka isisogee. Mwenye kukagua jedwali aanze hapa: akiona watu wawili ni wa 1 na alama zao hazilingani, ajue mipaka imehama.

Jambo la pili ni upande wa kupangia. Fomula hii, isipoambiwa vingine, humpa nafasi ya 1 mwenye namba kubwa. Kwa barua zilizojibiwa, ni sawa. Lakini kwa makosa yaliyopatikana, au kwa siku za kuchelewa, mwenye namba kubwa ndiye mbaya. Hapo hapana budi kuongeza namba 1 mwishoni mwa fomula, =RANK(C2,$C$2:$C$9,1), ili mwenye makosa machache awe mbele. Bila hiyo, mwenye makosa mengi kuliko wote hupewa taji.

Jambo la tatu ni watu waliolingana. Tuseme alama ni 92, 88, 88 na 75. RANK yawaandika 1, 2, 2, na 4; wawili wameshiriki nafasi ya pili, na ya tatu hakuna. Tangu mwaka wa 2010 Excel ina na fomula RANK.AVG, ambayo huwapa hao wawili 2.5 kila mmoja. Zote mbili ni njia za haki. Lakini wako wakuu wasiopenda kuona watu wawili mahali pamoja, nao wamefundishwa hila ya kuwatenganisha: huongeza katika alama ya kila mtu sehemu ndogo mno ya namba ya mstari wake, au huongeza fomula COUNTIF ihesabuyo ni mara ngapi alama hiyo imekwisha kuonekana juu yake. Orodha ikawa nzuri, 1, 2, 3, 4, kila mtu na namba yake.

Ndugu zetu, tuulize: ni nani aliyewekwa wa 2, na ni nani akashushwa kuwa wa 3? Kwa hiyo fomula ya COUNTIF, aliyeandikwa juu ndiye ashindaye. Na kama majina yamepangwa kwa herufi, basi Abdallah atamshinda Zuberi mwaka huu, na mwaka ujao, na kila mwaka, wala si kwa kazi, bali kwa jina alilopewa na wazazi wake. Kama kuna nafasi moja tu ya masomo na watu wawili wamelingana, yafaa mkuu aseme hadharani amechagua kwa sababu gani. Asiiache kazi hiyo kwa herufi za alfabeti, kisha akasema kompyuta ndiyo iliyoamua.

Baada ya fomula kufanya kazi yake sawasawa, bado kuna hatari katika namba yenyewe. Tuseme watumishi wanne wana alama 91.2, 91.1, 91.0 na 64. Orodha yasema 1, 2, 3, 4, kana kwamba hatua kati yao ni sawa. Kumbe kati ya wa kwanza na wa tatu hamna hata robo ya alama moja, na kati ya wa tatu na wa nne kuna alama 27. Faili moja ngumu, siku moja ya umeme kukatika, yatosha kuwageuza watatu wa kwanza. Kwa hiyo waliokaribiana wawekwe daraja moja, na namba ya nafasi isisomwe kamwe bila alama iliyo nyuma yake.

Lililo baya zaidi ni kuweka kiasi tangu mwanzo, kwamba lazima watu kadha wawe juu na watu kadha wawe chini. Kampuni ya General Electric ya Marekani, chini ya Jack Welch aliyeiongoza tangu 1981 hata 2001, ilisifika kwa kuwagawa watumishi wake hivi: 20 katika 100 ni wa juu, 70 ni wa katikati, na 10 ni wa chini, ambao walitazamiwa kuondoka. Wengi waliiga. Microsoft yenyewe, wenye Excel, walikuwa na mpango wa kuwapanga watumishi wao namna hiyo, na mwaka wa 2013 wakauacha, kwa kuwa uliwafanya watu wa kundi moja washindane wao kwa wao badala ya kusaidiana. Fikirini sehemu yenye makarani 10, wote wametimiza malengo yao. Kanuni hiyo yataka mmoja aitwe mbovu. Hakuna ubovu uliopatikana, ubovu umeagizwa. Na mwaka ujao, nani atamfundisha mgeni kazi, akijua kwamba mgeni huyo akifahamu upesi huenda akamsukuma yeye chini?

Hatukusema habari ya mambo yasiyohesabika, nayo tuyataje kwa ufupi. Karani akijua kwamba barua ndizo zihesabiwazo, atajibu kwanza zilizo rahisi, na ile faili ya mjane anayedai mafao ya marehemu mumewe, ambayo yataka siku tatu za kutafuta, itabaki chini ya rundo. Jibu moja atalifanya mawili. Haya si tabia ya makarani waovu. Ni tabia ya watu wote wanaopimwa kwa namba moja. Kwa hiyo pembeni ya kila jumla ya namba pawe na safu ya maneno, ambamo mkubwa ataandika jambo ambalo hesabu haikuliona, na mtumishi naye ataandika la kwake.

Kwa hayo yote, sisi hatuoni kwamba Chama kikatae jedwali. Kikikataa, hatutarudi katika haki. Tutarudi katika taarifa ya siri. Twaona afadhali Chama kiwaombe wakuu wa idara mambo haya sita, nasi twayaweka mbele ya mkutano yajadiliwe:

1. Vipimo na uzito wake vitangazwe kwa maandishi kabla ya mwaka wa kazi kuanza, wala visibadilishwe baada ya alama kuingizwa.

2. Kila mtumishi aonyeshwe mstari wake na fomula zote zilizoufikisha mahali ulipo. Hatuombi kuona alama za wenzetu, wala hatutaki orodha ibandikwe ukutani kuwaaibisha watu. Twaomba kuona mizani, na kilichowekwa juu yake kwa jina letu.

3. Walinganishwe watu wa kazi moja tu, na siku za ugonjwa, za uzazi na za likizo ya halali zitolewe katika hesabu, visanduku vyake viachwe tupu.

4. Waliolingana waandikwe wamelingana, na waliokaribiana wawekwe daraja moja.

5. Isiwekwe idadi ya watu wa juu wala ya watu wa chini kabla ya kazi kutazamwa.

6. Jedwali likaguliwe na mtu wa pili asiyekuwamo ndani yake, na mtumishi apewe siku 14 za kukata rufani, ambayo itajibiwa kwa maandishi.

Hakuna hata moja katika hayo litakaloigharimu idara fedha mpya. Lote ni kazi ya kufungua kilichokwisha kuandikwa.

Tumalizie kwa neno linalotuhusu sisi wenyewe. Wengi wa watakaoandika fomula hizi si wakubwa, ni makarani. Mkubwa husema, “Nitengenezee orodha,” na karani ndiye akaaye mbele ya kompyuta, ndiye ajuaye kama alama ya dola ipo au haipo, kama sifuri ile ni sifuri kweli au ni mama aliyekuwa katika uzazi. Chama chaweza kupeleka maombi sita au sitini. Lakini jioni moja, ofisi ikiwa imefungwa na orodha ikitakiwa kesho asubuhi, haki ya mwenzetu itakuwa mikononi mwa karani mmoja aliyechoka. Karani huyo na aulize. Akiona uzito umebadilishwa baada ya majina kuonekana, na aandike tarehe ya mabadiliko pembeni. Akiambiwa awatenganishe waliolingana, na aulize kwa sababu gani, na sababu hiyo aiandike katika jedwali mahali itakapoonekana. Kufanya hivyo si uasi wala si kiburi. Ndiyo kazi ya karani tangu zamani, kuandika kilichokuwa, kama kilivyokuwa.

Bwana Rais, tumekwisha kusema. Maombi sita yako mbele ya mkutano, nasi twaomba yapigiwe kura moja moja, ili atakayekataa mojawapo aseme sababu yake.